Mkono Nyuma ya Mlango

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Lipu, na hata binti yake, aliyefanya kazi ya kupanga barua posta, alishazoea kuitika akiitwa "mtoto wa Mama Lipu" bila kununa. Nimekuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa miaka kumi na tisa. Ukuta huo aliupiga lipu yeye mwenyewe, upande wake na upande wangu, na mpaka leo hupati juu yake mahali pa kutundika lawama.

Kazi alifundishwa na mjomba wake akiwa msichana wa miaka kumi na sita, enzi ambazo mwanamke juu ya jukwaa la mafundi alikuwa kichekesho cha kutwa nzima. Mwezi wa kwanza mafundi wenzake walimcheka. Mwezi wa pili walinyamaza. Wa tatu wakaanza kumwita awasahihishie kona. Alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto, na alikuwa na tabia ya kuuangalia ukuta kwa jicho moja huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayenong'onezwa. Mjomba alimwambia kwamba lipu ni stara: mwashi akikosea, fundi wa lipu ndiye anayemsitiri. Kwa miaka thelathini na minane Mama Lipu aliwasitiri waashi wa mji mzima. Ukipita naye mtaani angekuambia nyumba ile ina kitambi, na ile pale imepinda kiuno, ila zote zimevaa vizuri.

Kilichomtoa nyumbani kilianzia shuleni. Alikuwa anapiga lipu darasa jipya, na darasa la jirani lilikuwa na madirisha yasiyo na vioo, kwa hiyo alisikia kila kilichosemwa. Mwalimu wa historia alikuwa akiwaeleza watoto habari za mji wa mawe uliojengwa mlimani, miaka mingi kabla ya babu wa babu zao, na kwamba kuta zake zilipangwa jiwe juu ya jiwe, bila saruji, bila chokaa, bila hata tope katikati, na bado zimesimama. Mama Lipu alisimamisha mwiko hewani. Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu, karai bado liko mkononi, akamwambia kwa heshima zote kwamba watoto wa watu wasidanganywe. Mwalimu hakukasirika. Alifungua kitabu akamwonyesha picha ndogo ya rangi ya moshi, ukuta mrefu unaochomoza kwenye ukungu. Mama Lipu aliitazama kwa jicho moja, akasema picha haina uzito, ukuta mtu anaujua akiugusa.

"Basi nenda ukauguse," mwalimu akamjibu.

Alicheka, akarudi kazini. Lakini neno hilo lilimkaa kama kibanzi kidoleni.

Hapa lazima nieleze kitu. Kwa mtu wa kipato chake, Mama Lipu alikuwa amesafiri sana, ila hajawahi kusafiri bila kuitwa. Alikwenda kuzika, alikwenda kuoza, alikwenda kuuguza. Kila safari ilikuwa na mtu anayemngoja upande wa pili na kazi ya kufanya akifika: kupika, kulia au kufua. Kwenda mahali ambapo hakuna anayekungoja, kwa sababu tu unataka kuona, lilikuwa jambo ambalo hata kulitamka aliliona haya. Ilimchukua miaka miwili kulitamka. Alipolitamka walikuwa mezani, yeye, binti yake, na dada yake mkubwa aliyeishi naye, mshona sare za shule.

Dada mtu aliuliza kama mawe yamekwisha hapa mjini. Binti aliogopa zaidi ya kucheka. Alisema mama ana miaka hamsini na minne, huko hajui mtu, na akiugua njiani nani atamshika mkono. Akaomba angalau aende na mtu.

"Nikienda na mtu nitakuwa namwangalia yeye," Mama Lipu akasema. "Mimi nataka kuangalia ukuta."

Dada akamkumbusha kwamba mtembezi hula miguu yake. Mama Lipu akajibu kwamba hiyo miguu ni yake, ataila na chumvi. Mjadala ukaishia hapo. Siku ya kuondoka, dada yule yule alimletea sweta la sare ya shule, saizi ya mwanafunzi mkubwa ambaye hakuja kulichukua, lenye nembo kifuani. Alisema mlimani kuna baridi, na bora achekwe kuliko akohoe.

Alichukua mkoba wake wa kazini akauosha mpaka vumbi la saruji likaisha. Akatia magauni mawili, shali, mayai ya kuchemsha, mkate, karanga, na chini kabisa timazi yake, kile kipande cha chuma kilichofungwa kwenye uzi ambacho mafundi wanapimia kama ukuta umesimama wima. Hakuwa na kazi nayo. Mkono tu ulishazoea kwamba mkoba una uzito huo.

Alipanda treni ya daraja la tatu, mabenchi ya mbao, kutwa nzima na kipande cha siku ya pili. Kiti chake kilikuwa dirishani, na kwa saa za mwanzo alikaa mkoba umebanwa mapajani kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Halafu mashamba yakaisha, vilima vikaanza, na mahali fulani katikati ya vilima hivyo alijikuta amelegea mabega. Hakuna aliyemuuliza chai iko wapi. Hakuna aliyemuuliza chochote. Aliniambia kwamba aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

Stesheni ya mwisho iko chini ya milima. Kutoka hapo mabasi yapo, lakini lori la mabati lilikuwa rahisi zaidi, na dereva alikubali kumweka mbele. Dereva alikuwa mtu wa kutaka kujua. Aliuliza kama anakwenda msibani. Hapana. Harusini? Hapana. Wakapita kona mbili. Akauliza kwa sauti ya chini kama ana kesi. Mama Lipu akamwambia anakwenda kuangalia ukuta. Walipofika daraja la pili dereva akakiri kwamba anapita chini ya mlima huo mwaka wa kumi na moja sasa, na hajawahi kupanda. Alipomshusha alimsaidia mkoba mpaka mlangoni mwa nyumba ya wageni, akasimama kidogo akiangalia juu, ambako hakukuonekana kitu isipokuwa mawingu.

Nyumba hiyo ya wageni ilikuwa ya mama mmoja mjane, vyumba vitatu, na vyote vina watu. Kilichobaki ni stoo ya viazi, na kwa sababu ni stoo, bei yake ilikuwa ya stoo. Mama Lipu alilala kitanda cha kamba kati ya magunia, akisikia harufu ya udongo mbichi, harufu ambayo kwake ni ya kazini, na alilala kama gogo.

Kulipopambazuka alianza kupanda. Njia yenyewe ni ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, pana, kila moja imelika katikati kwa miguu ya watu waliokwisha kufa. Alihesabu mpaka mia nne akaacha, kwa sababu pumzi zilikuwa zinahitajika kwa kazi nyingine. Magoti yalilalamika. Alipumzika, akala yai, akapanda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba aliona ngazi tano mbele na ngazi tano nyuma, na katikati yeye mwenyewe, ndani ya sweta la shule, anahema. Hakukuwa na mtu mwingine. Mara moja ndege alipiga kelele chini yake, akashangaa sana, maana maisha yake yote ndege walikuwa juu.

Halafu ngazi zikaisha, na ukungu ukafanya kile ambacho ukungu wa milimani hufanya: ukanyanyuka mara moja, kama mtu aliyevuta pazia.

Mji ulikuwa mbele yake. Uliegemea mgongo wa mlima toka ncha hadi ncha, kuta juu ya kuta, ngazi juu ya ngazi, vyumba visivyo na paa vimejaa majani mabichi, na nyuma yake milima mingine imepangana hadi macho yakachoka. Jua lilikuwa limeanza kugusa kuta za juu. Za chini zilikuwa bado za buluu. Ukuta mkubwa ulikuwa hatua ishirini kutoka alipokuwa, na mawe yake mengine yalikuwa makubwa kuliko chumba chake cha kulala, na mawe hayo hayakuwa na umbo moja: hili lina pembe sita, lile nane, jingine limeinama kumpisha mwenzake, na yote yameshikana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana.

Alisimama pale kwa muda ambao hakuweza kunieleza. Kisha, bila kukusudia, akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Shikamoo."

Hakuona haya. Aliniambia ndilo amkio pekee lililofaa.

Alipousogelea, alifanya alichokuja kufanya. Aliweka kiganja. Jiwe lilikuwa baridi na laini kama shavu. Akatafuta mahali mawe mawili yanapokutana, akajaribu kuingiza ukucha. Haukuingia. Akajaribu kwingine, na kwingine, akatembea ukuta mzima akijaribu kwa ukucha kama anayebisha hodi, hata mara moja haukuingia. Ndipo alipoikumbuka timazi. Akaitoa, akasimama kwenye jiwe, akaiteremsha. Ukuta haukuwa wima. Ulikuwa umeegemea mlima, vidole vinne kwa kimo cha mtu. Moyo ukamruka kidogo, maana hiyo ndiyo aibu aliyoizoea. Akaenda hatua kumi, akapima: vidole vinne. Akaenda mwisho kabisa wa ukuta: vidole vinne. Akakaa chini kwenye majani yenye umande, timazi mapajani, akaelewa kwamba waliulaza ukuta kwa makusudi, kwa kiasi kile kile toka mwanzo mpaka mwisho, ili ukuta uuegemee mlima na mlima uuegemee ukuta, na tetemeko likija vyote vipumue pamoja. Alijua mafundi wenye vyeti ambao hawawezi kuushika wima tu, sembuse mlalo.

Na hapo, katikati ya furaha ile, ukamwingia unyonge. Alijiuliza kama angezaliwa huku wangempa kazi gani. Ukuta huu haukuwa na cha kusitiri. Alijiona kama mshonaji aliyefika kwa watu wenye ngozi nzuri kuliko nguo yoyote.

Mtunza magofu alimkuta hapo. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kazi, chupa ya chai na kitabu cha tiketi, na maelezo aliyoyakariri kwa miaka kumi na minane. Alimkatia tiketi, akakohoa, akaanza: urefu wa ukuta, idadi ya ngazi, wafalme wanaodhaniwa. Mama Lipu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye maelezo. Aliuliza kama watu hawa walikuwa na mafundi wa lipu.

Mtunza magofu alifikiri. Alisema kuta kubwa ni za hekalu na ngome. Nyumba za watu wa kawaida ziko chini zaidi, na huko mawe ni madogo, ya kuokoteza, yamejengwa kwa tope. Kuna vyumba vichache ambavyo watafiti wameviezeka mabati na kuvizungushia kamba, kwa sababu ndani bado kuna udongo ukutani. Wageni hawaingii. Alimtazama mgeni wake, sweta la shule, viatu vya kazi, uzi wa timazi umezungushwa kidoleni. Sijui aliona nini. Alinyanyua kamba.

Walipita kwenye mfereji uliochongwa kwenye jiwe, upana wa kiganja, na maji bado yalikuwa yanapita ndani yake, meupe na ya haraka, kama yalivyoagizwa na waliokwisha kusahaulika. Chumba kilikuwa hatua chache kutoka hapo. Ndani kulikuwa na giza la wastani na harufu ya stoo ya viazi. Kuta mbili zilikuwa bado zimevaa lipu ya udongo, rangi ya mkate, nene kama kidole gumba. Mtunza magofu akakohoa tayari kuendelea.

"Ngoja kidogo, baba," akamwambia.

Akachuchumaa karibu na mlango, akaacha mwanga uingie kwa ubavu, maana lipu haisomwi kwa mwanga wa usoni. Na ukuta ukafunguka. Mistari ya vidole ilijitokeza kutoka chini mpaka juu, upinde baada ya upinde, kama shamba lililopaliliwa jana.

Alianza kusema polepole, na mtunza magofu, aliyezoea kuwa msemaji, akawa msikilizaji. Huyu hakutumia mwiko, alisema, alitumia kiganja. Alikuwa wa mkono wa kulia. Mimi ni wa kushoto, ndiyo maana nimeona haraka, pinde zake zinakwenda kinyume na zangu. Alianzia kona ile. Kimo chake ni kama changu, tazama, mistari mirefu inakoma hapa, kisha inakuwa mifupi mifupi: amepanda juu ya kitu na anaogopa kuanguka. Udongo wake ameuchanganya na majani yaliyokatwa ili usipasuke, na ameyakata mafupi, mvivu angeyaacha marefu. Na hapa aliacha kazi, akarudi kesho yake. Unaona kiungo hiki? Lipu ya jana yake ilikuwa imeanza kukauka, akailowesha ukingo kabla ya kuunganisha. Huyu alifundishwa na mtu mkali.

Ndipo akageuka kuangalia nyuma yake, upande ambao mlango ungekuwepo. Mlango wenyewe ulioza zamani, lakini kwenye jiwe la kizingiti lilikuwepo tundu ulikozungukia, na tundu hilo lilionyesha mlango ulifungukia ndani, kuelekea ukuta wa kulia. Kwenye ukuta huo, usawa wa kifua, palikuwa na michirizi minne mifupi, imeteremka pamoja, mizito juu na myepesi chini. Kando yake watafiti walikuwa wameweka kibao kidogo. Kibao kilisema hiyo ni alama, pengine ya ibada au ya kuibariki nyumba.

Mama Lipu alikisoma kibao mara mbili.

"Hii si ibada," akasema. "Hapa amefuta mkono."

Mtunza magofu akasema, si kwa ubaya, "Mama, hapa wamekuja watu wenye shahada."

"Wamewahi kupiga lipu?"

Na Mama Lipu akamweleza. Ukimaliza ukuta, unabakiwa na udongo vidoleni, umeshakauka nusu. Hauwezi kurudi kwenye karai, na ukiupaka pale ulipomaliza utaharibu kazi yako mwenyewe. Kwa hiyo unaufuta nyuma ya mlango, ambapo mlango ukiwa wazi unapafunika, na siku mwenye nyumba atakapoufunga kwa ndani na kupaona, wewe umeshakwenda zako. Hakuna anayekufundisha. Mjomba wake hakumfundisha. Alifanya hivyo nyumba zote alizozifanyia kazi, na mafundi wote anaowajua hufanya hivyo, na hawaambiani. (Aliponisimulia haya nilinyanyuka nikaenda kuangalia nyuma ya mlango wangu wa chumbani. Ipo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona.)

Halafu aliinua mkono wake, akausogeza mbele ya michirizi ile bila kuigusa. Vidole vyake vilikuwa vinene kidogo kuliko vya yule mwenzake. Kwa muda wote ule alikuwa anasoma kazi. Sasa alikuwa amesimama alikosimama mtu, kwa kimo kile kile, mwisho wa siku, mgongo unauma, akiangalia ukuta wake na kuona umekubali. Alihisi kana kwamba mwenye mkono ametoka mlangoni dakika hiyo hiyo, amekwenda kunawa.

Akatoka nje. Akaenda kwenye mfereji, akatumbukiza mikono ndani ya maji yale, akainawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtu aliyemaliza. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma mifupa. Alilia, lakini si kwa huzuni, na hakujificha.

Mtunza magofu alisimama pembeni, kofia mkononi. Baadaye aliuliza, "Sasa mimi wageni nitawaambia nini?"

"Waambie alimaliza kazi," akasema.

Mtu mwingine angenyamaza akalinda maelezo yake ya miaka kumi na minane. Yule alimpigia simu mtafiti, mwanamke kijana mwenye miwani aliyekuwa na ofisi katika mji ulio chini ya mlima. Alasiri mtafiti alifika, buti zimejaa tope, akiwa na heshima lakini na mashaka pia. Alimwita Mama Lipu "mama", akamketisha, akamwomba aanze upya. Alisikiliza kila neno. Mwishoni akasema maneno yana mantiki, ila mantiki si ushahidi. Mkono mmoja nyuma ya mlango mmoja unaweza kuwa bahati tu.

Mama Lipu alimpenda kwa jibu hilo. Alisema hata yeye mwanafunzi wake akisema ukuta umenyooka, humwambia alete timazi. Basi wakatazame milango mingine.

Kulikuwa na vyumba vingine viwili vilivyobakiwa na lipu. Kwenye cha kwanza udongo wa usawa wa kifua ulikuwa umeanguka wote. Hawakupata kitu. Kwenye cha pili tundu la kizingiti lilionyesha mlango ulifungukia kushoto. Mtafiti alielekeza taa yake ukutani moja kwa moja, ukuta ukaonekana mtupu. Mama Lipu akamshika mkono, akaishusha taa mpaka mwanga ukalala ubavuni. Michirizi mitatu ilijitokeza, hafifu, mipana, chini zaidi kuliko ile ya kwanza.

Mtafiti alipiga magoti, akaihesabu upya kwa kidole hewani.

"Huyu ni mwingine," Mama Lipu akasema baadaye. "Mnene. Na hakuwa na subira, tazama alivyofuta."

Alikuwa amepanga kuondoka kesho yake. Alikaa siku mbili zaidi, kwa sababu mtafiti alimwomba, na mke wa mtunza magofu akampa kitanda na uji asubuhi na kukataa kuzungumzia malipo. Wakachimba udongo kwenye ubavu wa mlima ule ule, Mama Lipu akaukanda kwa miguu pamoja na majani, akapiga lipu kipande cha ukuta wa banda la zana kwa kiganja, huku mtafiti akipiga picha kila upinde na kuuliza kwa nini. Maswali mengine hakuwa na jibu lake isipokuwa kwamba mkono ndivyo unavyotaka. Mtafiti aliandika hata hilo.

Asubuhi ya mwisho alipanda peke yake kabla ya jua. Alikaa juu ya ngazi ya juu kabisa akaona mji unatoka gizani chumba kwa chumba, kuta kubwa kwanza, nyumba ndogo mwishoni. Unyonge wa siku ya kwanza ulikuwa umekwisha. Alisema aliutazama mji ule kama unavyotazama nyumba ya ukoo ambayo umeambiwa habari zake tangu utotoni, ila yeye hakuwa ameambiwa na mtu, na hiyo ndiyo iliyomshinda kuelewa.

Alirudi nyumbani siku ya nane, amekonda, midomo imepasuka kwa baridi. Dada yake alimuuliza amewaletea nini. Hakuwa ameleta kitu. Alikaa akawasimulia, na cherehani ikasimama tangu saa kumi hadi magharibi, jambo ambalo sikumbuki kulisikia kabla. Jumatatu alikuwa kazini, anapiga lipu duka la vipuri.

Baada ya mwaka na miezi ilikuja bahasha, na binti yake ndiye aliyeikuta ikipita mikononi mwake posta, akaikimbiza nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Ndani kulikuwa na picha ya kibao kipya. Kilieleza kwamba michirizi nyuma ya mlango inadhaniwa ni alama za mafundi wakifuta mikono baada ya kumaliza lipu, na kwamba maelezo hayo yalitolewa na fundi wa lipu aliyetembelea magofu. Jina lake kamili lilikuwepo, majina yote matatu. Tulilisoma kwa zamu. Wengine mtaani ndipo walipojua anaitwa nani.

Alikwenda tena mara tatu, kila kiangazi alipoweza, daima peke yake na daima kwa daraja la tatu. Mara hiyo ya tatu, akiwa na miaka sitini na moja, magoti yalimwambia basi kwenye ngazi ya tisini. Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, akicheka mwenyewe. Mama mwenye nyumba ya wageni alimtolea kiti uani, akamwuliza kama imemuuma sana kusafiri njia yote hiyo asifike. Mama Lipu akamwomba tu amsaidie kukigeuza kiti kielekee mlimani.

Alikaa hapo asubuhi nzima, kikombe cha chai kinapoa mkononi. Karibu na saa sita mawingu yaliachana, na juu kabisa, mbali, ukaonekana mstari mmoja mwembamba uliokuwa umenyooka mno, usingeweza kuwa wa mlima. Aliutazama kwa macho yote mawili mpaka mawingu yaliporudi. Kisha akanywa chai yake.